RAID si nakala ya akiba: jibu kwa msomaji mwenye DVD 700

Swali: "Mtaalamu, salaam. Kwa miaka mingi nimekusanya filamu: DVD kama 700 na Blu-ray 90. Nimeshanakili karibu 300 kati ya DVD hizo kwenye diski ya nje ya TB 2, nayo imejaa. Zipo pia kanda 40 za MiniDV (kanda ndogo za kamera ya video) za harusi na za watoto wakiwa wadogo, pamoja na DVD chache tulizorekodi wenyewe. Diski nimeichomeka kwenye kompyuta ya zamani yenye Jellyfin, programu ya kurushia filamu nyumbani, na tunaangalia kwenye runinga ya sebuleni kwa Wi-Fi. Filamu nyingi zinacheza vizuri, ila tukiwasha maandishi ya tafsiri baadhi yake zinakatakata kila baada ya sekunde chache. Rafiki ameniambia ninunue NAS, yaani kisanduku cha diski kinachounganishwa na mtandao wa nyumbani, cha diski nne zenye RAID, yaani zilizopangwa kufanya kazi kama moja. Anasema itamaliza kukatakata na sitapoteza kitu kamwe. Ni kweli? Ninunue diski za ukubwa gani? Na DVD nikishazinakili zote, naweza kuzigawa?"

Salaam, ndugu msomaji. Rafiki yako ana nia njema, ila amefunga mambo mawili kwenye furushi moja. Filamu kukatakata ni tatizo moja, hofu ya kupoteza mkusanyiko ni lingine kabisa, na kile kisanduku hakitibu hata moja kwa namna alivyokueleza. Jibu langu la mkato: usikinunue bado. Nunua kwanza diski mbili kubwa za kawaida, na kabla hujanakili DVD nyingine yoyote, shughulikia zile kanda 40.

Tuanze na kukatakata, maana ushahidi umenipa mwenyewe. Filamu ikikwama, wengi huilaumu diski kwamba ni nzito. Hebu tupige hesabu. Video ya DVD haizidi megabiti 10 kwa sekunde. Blu-ray ya kawaida, picha na sauti pamoja, hufika 48, na ile ya 4K inaweza kupanda hadi 128. Sasa diski ya nje ya kawaida, ikichomekwa kwenye tundu la USB 3, husoma zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo hapo tunazungumzia megabiti 800 na ushee. Diski yako ingeweza kulisha runinga kadhaa kwa wakati mmoja na isione taabu. Ukiziweka diski nne kwenye RAID ili ziwe na kasi zaidi, utakuwa umeongeza kasi mahali ambapo haikupungua.

Mchawi wako ni yale maandishi. Maandishi ya tafsiri yaliyomo ndani ya DVD na Blu-ray si herufi, ni picha. Kila mstari unaousoma umehifadhiwa kama kipicha kidogo chenye saa yake ya kutokea na saa yake ya kutoweka. Programu nyingi za runinga haziwezi kuchukua vipicha hivyo na kuvitandaza juu ya filamu. Kwa hiyo Jellyfin, ikiona runinga haiviwezi, hujitwisha kazi hiyo yenyewe: inaifungua kila fremu ya filamu, inabandika maandishi juu yake, inaisimba upya, yaani inaitengeneza upya kuwa video, kisha inaituma. Hilo lifanyike mara 24 au 25 kwa kila sekunde, bila kupumzika, kwa saa mbili. Prosesa ya kompyuta ya zamani huanza vizuri, halafu inabaki nyuma. Runinga inamaliza akiba ya picha iliyokuwa nayo, inasimama kungoja, inapata kidogo, inaendelea, inasimama tena. Ndiyo maana inakata kila baada ya sekunde chache. Maandishi yakizimwa, seva, yaani hiyo kompyuta yenye Jellyfin, haina la kufanya ila kulituma faili kama lilivyo, na hapo hata kompyuta kongwe inamudu.

Usiniamini kwa maneno. Leo jioni weka filamu sumbufu, washa maandishi, kisha kwenye simu au kompyuta nyingine fungua ukurasa wa usimamizi wa Jellyfin. Utaona kadi ndogo yenye jina la filamu na jina la runinga yako. Hapo panaelezwa kama faili linatumwa moja kwa moja au linasimbwa upya, na kwa sababu gani. Angalia pia matumizi ya prosesa. Yakiwa yameruka na kugota karibu asilimia 100, kisha ukazima maandishi yakashuka hadi tarakimu moja, huna haja ya kumuuliza mtu mwingine.

Dawa zipo za aina tatu. Ya kwanza ni kutumia maandishi yaliyo herufi kweli, yaani faili dogo la SRT linalokaa kando ya filamu likiwa na jina lilelile. Runinga nyingi hulisoma zenyewe. Programu kama Subtitle Edit inaweza kusoma vile vipicha na kuvigeuza kuwa herufi, ila kaa uyapitie matokeo, maana herufi ndogo l na I kubwa huichanganya sana. Ya pili ni kuwasha msaada wa chipu ya video ndani ya Jellyfin. Prosesa nyingi za Intel za kuanzia 2011 zina kipande maalumu cha kusimba video, na kazi iliyokuwa ikiiua kompyuta huwa nyepesi kwake. Kama yako ni kongwe mno, kipande hicho kitamudu video iliyosimbwa kwa H.264 na kushindwa na ile ya H.265, ambayo ni mpya zaidi, kwa hiyo jaribu na filamu za aina zote mbili. Ya tatu, na ndiyo ningeichagua kwa sebule yako, ni kuweka kando ya runinga kisanduku kidogo chenye Kodi, programu ya kuchezea filamu. Kodi inatandaza maandishi ya picha yenyewe, papo hapo, bila kuisumbua seva. Kisanduku cha namna hiyo bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na NAS ya diski nne.

Hapo ndipo ushauri wa rafiki yako unapoweza kukugeuka. NAS nyingi za nyumbani zina prosesa ndogo, zimeundwa kutunza na kutoa mafaili, si kusimba video. Unaweza kuinunua, ukahamisha kila kitu kwa wiki nzima, kisha ukawasha maandishi na kuona inakata kuliko zamani.

Ikiwa kuna filamu zinazokata hata bila maandishi, hapo ndipo uitazame Wi-Fi. Hakikisha runinga imeshika mawimbi ya GHz 5 badala ya 2.4, au vuta waya kutoka kwenye ruta. Tahadhari moja kuhusu waya: runinga nyingi, hata za gharama, zina tundu la mtandao lisilozidi megabiti 100. Kwa DVD na Blu-ray za kawaida linatosha na kubaki, lakini 4K nzito inaweza kulishinda, na ukashangaa kuona Wi-Fi nzuri inaupita waya. Na ukipata picha bila sauti, usihangaike na mtandao. Mara nyingi ni sauti ya aina ya DTS ambayo runinga haiisomi.

Sasa hofu ya pili. Kwa upande wa usalama, RAID inafanya kazi moja tu: diski moja ikifa, nyingine zinaendelea kutoa mafaili bila wewe kusimama. Ni kama tairi la akiba kwenye gari, linakufikisha uendako likipasuka moja njiani, lakini gari likiibwa nalo limeondoka. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, RAID inaifuta kwenye diski zote sekunde hiyohiyo, kwa utiifu kabisa. Virusi vinavyofunga mafaili ili udaiwe pesa vitayafunga yote. Umeme ukipanda ghafla, maji yakivuja juu yake, mwizi akikibeba kisanduku, diski nne zinaondoka pamoja. Liko pia jambo ambalo wauzaji hawalitaji: kisanduku chenyewe kikifa, diski zake mara nyingi huwezi kuzichomoa na kuzisoma kwenye Windows, kwa sababu zimepangwa kwa mfumo wa Linux na data imegawanywa kati yake. Kwa kampuni isiyoweza kusimama hata saa moja, RAID ina maana kubwa. Wewe filamu zikikosekana siku mbili wakati unarejesha nakala, hakuna atakayelala njaa.

Kinachokulinda ni nakala ya pili isiyochomekwa popote na isiyokaa kwenye nyumba hiyohiyo. Kwa ukubwa, tupige hesabu yako. DVD ya filamu ya tabaka mbili hubeba hadi GB 8.5, ila nyingi hazijai, kwa hiyo tuchukue wastani wa 6: DVD 700 zinafika TB 4.2. Blu-ray hubeba GB 25 au 50. Kwa wastani wa 30, zako 90 ni TB 2.7. Kanda ya MiniDV ya saa moja inachukua takriban GB 13, kwa hiyo kanda 40 ni kama GB 520. Jumla TB 7.4 hivi. Diski ya TB 8 ingetosha kwa kubana, na mkusanyaji hajawahi kuacha kukusanya. Nunua mbili za TB 12. Kompyuta itakuonyesha 10.9, usirudi dukani kugombana: mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024, hujapunjwa.

Diski ya kwanza ichomeke kwenye kompyuta ya Jellyfin. Ya pili ichomeke mara moja kwa mwezi tu, inakili vilivyoongezeka, ichomolewe, iende kukaa kwa ndugu au rafiki unayemwamini. Tumia programu ya kulandanisha mafaili kama FreeFileSync, lakini chagua namna inayoongeza vipya bila kufuta chochote upande wa pili. Ile inayofanya pande zote mbili zifanane itakufutia na nakala. Programu hiyo inaweza pia kulinganisha yaliyomo ndani ya mafaili badala ya ukubwa na tarehe tu. Inachukua muda mrefu, iache usiku kucha mara moja au mbili kwa mwaka, ndipo ujue nakala yako inasomeka kweli. Diski zote mbili zipangwe kwa mfumo wa mafaili wa exFAT kama utazihamisha kati ya kompyuta za aina tofauti. Usitumie FAT32, haikubali faili linalozidi GB 4, na itakuambia faili ni kubwa mno hata kama diski ni tupu.

Je, kuhifadhi mtandaoni? Kwa filamu zote, sikushauri. Ukiwa na kasi ya kupandisha ya megabiti 20 kwa sekunde, TB 7.4 zitakuchukua zaidi ya siku 34 usiku na mchana, halafu utalipia kila mwezi nafasi ya filamu ambazo nyingi unaweza kuzinunua tena. Lakini zile GB 520 za familia ni siku mbili na nusu. Hizo zipandishe. Na ile diski yako ya TB 2 iliyojaa, ukishahamisha filamu zake, ifute na uiweke nakala ya tatu ya video za familia.

Unaona ninavyorudi kwenye video za familia. Filamu ya dukani ikipotea, dunia ina nakala nyingine. Kanda ya harusi yako ni moja tu, na inashambuliwa pande mbili. Unga wa sumaku kwenye utepe unadhoofika kwa miaka, na mashine za kuusomea zinatoweka. Kwa VHS hali ni mbaya zaidi: Funai ya Japani, kampuni iliyobaki ya mwisho kuunda deki zake, ilisitisha mwaka 2016. Kwa MiniDV unahitaji kamera inayozungusha kanda vizuri na kompyuta yenye tundu la FireWire, ambalo kompyuta za sasa hazina. Usidanganyike na tundu la USB lililoko kwenye kamera hizo. Kwa nyingi lilikusudiwa picha za mnato tu, au linatoa video hafifu. Kwa FireWire unapata data ileile iliyoko kwenye kanda, bila hasara yoyote. Kazi ni ya saa kwa saa: kanda ya dakika 60 inataka dakika 60. Kabla ya kuanza, izungushe kila kanda mbele hadi mwisho na uirudishe, hasa kama imekaa miaka bila kuguswa, na usafishe kichwa cha kamera kwa kanda ya kusafishia. Usiyabane mafaili hayo. Yahifadhi kama yalivyotoka, kisha tengeneza nakala nyepesi za H.264 za kuangalia na kuwatumia ndugu.

Baada ya kanda, zifuate zile DVD mlizorekodi wenyewe. Hizo hazikupigwa chapa kiwandani kama za filamu. Data yake imechomwa kwenye rangi inayochakaa kwa mwanga na joto. Nyingine hazisomeki baada ya miaka michache tu, na hazikupi habari mpaka siku unapozihitaji.

Mwisho kabisa ndiyo DVD 400 zilizobaki. Ukiifungua DVD kwenye kompyuta utakuta folda ya VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya VOB yaliyokatwa vipande vya karibu GB 1 kila kimoja, VTS_01_1, VTS_01_2, na kuendelea. Wengine huzinakili folda hizo kama zilivyo, kisha wanapata filamu moja ikionekana kama filamu sita. Programu kama MakeMKV huunganisha vipande hivyo kuwa faili moja la MKV bila kugusa ubora wa picha. HandBrake ni kitu kingine: inasimba upya ili faili liwe dogo, pengine robo ya lilivyokuwa, na kinachopotea hakirudi. Kwa bei ya diski ukilinganisha na muda wako, mimi ningeacha kubana. Ukinakili tatu kila siku utamaliza baada ya miezi minne na zaidi, kwa hiyo anza na zile mnazoziangalia. Kuna ambazo hutazigusa tena na huna haja ya kuzinakili. Na jambo la sheria nilitaje bila kuzungukazunguka: filamu nyingi za dukani zina kufuli, na katika nchi nyingi kulivunja ni kosa hata kama diski umeinunua kwa pesa yako. Angalia sheria ya ulipo.

Hilo linajibu pia swali la kuzigawa. Usizigawe. Panapokubaliwa kujitengenezea nakala, kwa kawaida ruhusa hiyo inategemea wewe kuendelea kumiliki diski halisi. Ukiigawa na kubaki na nakala umetoka nje ya ruhusa. Isitoshe, diski halisi ni nakala ya akiba ambayo haili umeme. Kinachojaza kabati ni makasha. Ziondoe DVD humo, zitie kwenye pochi za kurasa pamoja na karatasi ya jalada, zisimamishe wima mahali pakavu pasipo jua, na DVD 700 zitaingia kwenye rafu moja au mbili.

Kuhusu kupata kitu haraka, mpangilio wa majina ndio kila kitu. Kila filamu ikae kwenye folda yake, jina likifuatwa na mwaka kwenye mabano, mfano Jina la Filamu (1998), na ndani faili lenye jina hilohilo. Mwaka usiuache, ndio unaotofautisha filamu mbili zenye jina moja. Video za familia zitengee maktaba ya peke yake, ya aina ya video za nyumbani. Ukizichanganya na filamu, programu itaingia mtandaoni kutafuta jina linalofanana, na utakuta sherehe ya kuzaliwa ya mwanao imebandikwa bango la filamu ya kutisha. Zipe majina yanayoanza na mwaka, mwezi na siku, kama 1999-08-14 Harusi ya Shangazi, nazo zitajipanga zenyewe kwa mfuatano. Na andika waliomo kwenye video wakati wapo bado wazee wa kukutajia.

NAS ninunue lini basi? Siku utakapochoka kuiacha kompyuta kubwa ikiwaka, au watu wanne mkitaka kuangalia filamu tofauti kwa pamoja, au mkusanyiko ukipita diski moja. Ikifika siku hiyo, chagua yenye prosesa inayoweza kusimba video, na ile diski ya kwa ndugu yako ibaki palepale.

Kuna mahali ambapo mikono yako iishie, umpelekee fundi. Diski ikianza kugonga kwa sauti ya tik-tik, au ikijizima na kujiwasha, izime na usiiwashe tena kujaribu. Kila dakika inayozunguka ikiwa mbovu inaweza kukwaruza zaidi. Windows ikikuambia diski inahitaji kupangwa upya (format) kabla ya kutumika, kataa. Kanda yenye unga mweupe ukingoni mwa utepe ina ukungu. Usiitie kwenye kamera, itachafua kichwa na kuambukiza kanda zitakazofuata. Utepe uliokatika usiuunge kwa gundi ya karatasi. Kazi hizi ni za wataalamu wa kuokoa data na wa kurejesha kanda, si za fundi wa kompyuta wa kawaida. Kabla ya kumwachia, muulize kama anafungua diski kwenye chumba kisicho na vumbi, kama ananakili diski nzima kwanza na kufanya kazi juu ya nakala, na kama utalipa asipopata kitu. Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu, chukua diski yako uondoke nayo.